Seti ya kutengenezea mishumaa ya soya: nta safi, mafuta hayatoshi

Mimi ni mtu wa udi. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo chetezo kilizungushwa chumba kwa chumba kila Alhamisi jioni, na mshumaa wa kunukia nilikuwa nauona kitu cha hotelini. Kilichonibadilisha ni kuhamia kwenye chumba kimoja na sebule hapa Dar. Dirisha dogo, moshi hauna pa kutokea, mapazia yananuka udi mpaka Jumatano. Nikaagiza mtandaoni seti ya kutengenezea mishumaa nyumbani, shilingi 95,000 pamoja na kuletewa. Sasa ni mwezi wa tatu naihangaikia.

Ndani ya boksi kuna nta ya soya kilo moja, tambi za pamba zenye vikalio vya bati, kipimajoto, jagi la kumiminia, makopo matano madogo, na vichupa vinne vya mafuta ya mimea, kila kimoja mililita 10: limau, lavenda, mikaratusi na mchaichai. Na stika za urembo, ambazo sijazigusa.

Nta sina neno nayo. Imekatwa vipande vyembamba kama sabuni iliyoparuzwa, haina harufu, inayeyuka upesi ukiweka jagi ndani ya sufuria ya maji ya moto (msiiweke juu ya moto moja kwa moja, na msiondoke jikoni). Ikimwagika mezani, kitambaa na maji moto yenye sabuni vinatosha. Ikigandia kwenye jagi, pangusa na gazeti ikiwa bado vuguvugu. Usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba na fundi utamlipa wewe.

Shida yangu ni hesabu. Kijitabu chao kinasema mafuta yawe asilimia 6 ya nta. Kwa kilo moja hiyo ni gramu 60. Vichupa vyote vinne, ukivikamua mpaka tone la mwisho, havifiki gramu 40. Yaani waliofunga boksi wanajua kabisa kwamba nta itabaki au mshumaa hautanukia. Mimi nilichagua kutonukia, bila kujua.

Mshumaa wa kwanza ulikuwa wa limau. Nikafuata kijitabu: pasha nta mpaka nyuzi 85, tia mafuta, koroga. Loo, jiko lilinukia! Nikajipongeza. Mshumaa ulipoganda nikaunusa: kimya. Limau ni mafuta mepesi, yakikuta joto lile yanaruka, na harufu yote niliimaliza mimi mwenyewe nikiwa nimesimama na kijiko. Siku hizi nasubiri nta ishuke mpaka nyuzi 60 na kitu, ndiyo natia mafuta, nakoroga taratibu dakika mbili, namimina. Halafu naufunika na kuuacha uive wiki mbili. Nilidhani hilo la kuiva ni maneno ya wauzaji, lakini nilijaribu mmoja siku ya pili na mwenzake siku ya 14, na tofauti ipo.

Kilichookoa zoezi zima ni mafuta ya karafuu. Binamu yangu yuko Pemba, akaniletea chupa ya mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwa mvuke kutoka vikonyo vya karafuu. Kiwanda cha mafuta hayo kiko Wawi, Chake Chake. Haya ni mafuta mazito, hayakimbii joto kama limau. Sehemu moja ya karafuu kwa tatu za mchaichai, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliingia ndani kutoka kazini nikajua kuna mshumaa ulikuwa unawaka jana. Ukizidisha karafuu lakini, sebule inageuka kliniki ya meno.

Sasa sikilizeni kioja. Nilipima mafuta hayo kwenye kikombe cheupe cha kutupa, vile vya shughulini. Nikaenda kupokea simu. Kurudi, kikombe kimelegea kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, chini kimetoboka, na mafuta yanatambaa kuelekea kitambaa cha meza. Karafuu inakula plastiki ya aina ile. Pima kwenye glasi au kikombe cha bati, na usiyashike kwa vidole, yanawasha. Mwenye paka amtoe kabisa chumbani, karafuu si rafiki yake.

Tambi za seti ni nyembamba. Kwenye makopo yao madogo zinafaa. Nilipohamia glasi zangu za upana wa sentimita 8, mwali ukajichimbia kisima katikati, nta ya pembeni imesimama kama ukuta. Sasa naweka tambi mbili kwa glasi, na siku ya kwanza siuzimi mpaka nta yote ya juu iwe maji hadi ukingoni, yaani karibu masaa matatu. Ukiuzima mapema, kesho utafuata kisima kile kile. Na kila kabla ya kuwasha, punguza utambi ubaki nusu sentimita, la sivyo glasi inapakwa masizi.

Joto letu pia ni mtihani. Nta hii inayeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, na kwenye gari lililoegeshwa juani hufiki mbali. Mmoja nilimpelekea shangazi Tanga, ukafika umetoka jasho la mafuta juu na umeinama upande mmoja. Akaugeuza geuza, akauwasha, akakaa kama nusu saa.

“Unanukia, mwanangu,” akasema. “Ila mpaka niufuate.”

Kweli kabisa. Mshumaa wa mafuta ya mimea haujazi nyumba kama udi. Unanukisha chumba kimoja, tena mlango ukiwa umefungwa. Anayetaka harufu ya kumpokea mgeni getini abaki na chetezo. Na wanaosema mchaichai unafukuza mbu, mimi chandarua changu bado kinashuka kila usiku.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano. Nikianza upya, sinunui seti. Nanunua nta peke yake, tambi nene, na mafuta chupa kubwa ya aina moja au mbili ninazozipenda. Chupa za jamu ninazo. Lavenda yao imebaki nusu, namtilia dada yangu kwenye maji ya kupigia pasi. Kipimajoto sasa kinapimia maziwa ya mtindi, na hapo hakijanidanganya hata siku moja.