Stabilaiza ya VA 2000 baada ya miezi minne nyuma ya friza

Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, maji na mtindi hapa Mbagala, na friza ninalo moja tu. Likifa, na mimi nimefunga. Kwa hiyo nisomeni kama mtu aliyelala na hii mashine chumba kimoja, maana friza liko sebuleni na mimi nalala sebuleni.

Mkasa ulianzia kwenye neno. Kwetu umeme kuanzia saa moja jioni unakuwa mdogo: feni inazunguka kivivu, friza linaunguruma bila kuwaka. Fundi akaniambia, "Mama Nai, tafuta stabilaiza kabla kompresa haijaungua." Nikaenda Kariakoo, nikaingia duka nililoelekezwa, nikataja neno hilohilo. Kijana akanipa kidude cheupe cha kuchomeka ukutani, kinaenea kiganjani, shilingi 30,000. "Stabilaiza ndiyo hii mama, wote wanachukua hii." Nikaona bei nafuu, nikafurahi.

Jioni umeme ukapungua, kidude kikawasha taa nyekundu, kikazima friza, kikatulia hivyo mpaka saa nne usiku. Barafu ninazomimina jioni ndizo wanazonunua watoto wa shule alfajiri. Asubuhi ile zilitoka laini katikati, ukishika kifuko kinabonyea. Mtoto mmoja akanirudishia: "Mama, hii juisi." Siku ya tatu nikarudi dukani na sura yangu ya ugomvi. Kijana akaniuliza, "Kwani friza limeungua?" Halijaungua. "Sasa?" Nikakosa la kumjibu, nikarudi zangu na daladala.

Fundi alipokiona alicheka. Ile ni frijigadi. Kazi yake ni kulinda: umeme ukishuka sana au ukipanda sana inakata, na ukirudi inasubiri dakika kadhaa kwanza, ili kompresa isilazimishwe kuwaka tena kabla presha ya gesi haijatulia. Haiongezi hata volti moja. Stabilaiza ni kitu kingine. Ndani ina transfoma yenye njia kadhaa. Umeme ukija mdogo inahamia njia ya kuupandisha, ukija mkubwa inahamia ya kuushusha, ili kinachotoka kikae karibu na volti 230 zinazotakiwa. Binti yangu wa kidato cha pili akaongeza Kiingereza chake: stabilaiza ni kitu kinachofanya kingine kisiyumbe. Hapo nikaelewa haraka kuliko kwa fundi, maana mimi mzaliwa wa Mafia. Ngalawa ina matengo, yale mabao ya ubavuni. Hayazuii wimbi, lakini chombo hakipinduki na safari inaendelea. Frijigadi ni nahodha anayeona wimbi akarudi pwani.

Tangu hapo neno hili naliona kila mahali. Nimelikuta hata kwenye kopo la aiskrimu, kwenye orodha ya viungo: stabilaiza, E412. Ni unga wa mbegu za guar, unazuia maji yasigeuke chenga kubwa za barafu. Kumbe ipo nje ya friza na ndani ya friza.

Haya, mashine yenyewe. Safari ya pili nilikwenda duka jingine, na fundi akanipa siri moja: inyanyue. Walinipa maboksi mawili, yote yameandikwa VA 2000 kwa herufi kubwa, yaani kipimo cha mzigo inaoweza kubeba. La kwanza jepesi kama paketi ya unga wa kilo mbili. La pili lilinivuta bega. Transfoma ni chuma na waya, haiwezi kuwa nyepesi ikabeba mzigo. Nikachukua zito, 140,000. Msishangae VA 2000 kwa friza lisilofika wati 200: kompresa ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na stabilaiza yenyewe nguvu inapungua pale umeme unaoingia unapokuwa mdogo.

Kazi inafanya. Jana saa mbili usiku kioo chake kilisoma 164 upande wa kuingia na 220 upande wa kutoka, na friza linaunguruma vizuri. Tangu niifunge hakuna barafu iliyorudishwa. Nyuma ina swichi ya kusubiri, sekunde 6 au sekunde 180. Kwa friza weka 180, wala usione uvivu.

Kasoro zipo. Kila inapohama njia inapiga "tak!", na umeme ukicheza usiku ni tak, tak, tak, kama mtu anavunja karanga kichwani kwako. Kioo nacho kinajisifu: fundi alipima na mita yake akapata 209 wakati chenyewe kinang'ang'ania 220. Kwa friza haidhuru, lakini usikiamini kama msahafu. Tena waya wake mfupi. Nilitumia ekstensheni ya elfu tano, plagi ikaanza kunuka. Kumbe inapopandisha umeme inavuta zaidi kutoka ukutani, na waya mwembamba unapata moto. Sasa imechomekwa soketi ya ukutani moja kwa moja, na nimeacha nafasi ya viganja viwili nyuma yake ipumue. Na umeme ukikatika kabisa, nayo imezimika. Haina betri, usije ukamlaumu muuzaji.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na usingizi wangu.

Frijigadi sikuirudisha. Tumeihamishia kwenye TV, inalinda vizuri, ila umeme ukikatika dakika moja tu, inavyosubiri mpaka iruhusu, taarifa ya habari ya saa mbili imeshafika kwenye michezo.