Viganja vya karoti: losheni niliyouziwa Majengo

Nianze kwa kusema sina ugomvi na chupa. Chupa nzuri, ya dhahabu, ukiifungua inanukia nazi. Ugomvi wangu ni na kijana wa duka la vipodozi kule karibu na soko la Majengo.

Mkaao Dodoma mnakijua kipindi cha upepo. Vumbi, baridi ya asubuhi, maji ya chumvi. Ukinawa mara mbili tu mikono imepauka kama umeshika majivu. Mimi ni mama lishe, kunawa ndiyo kazi. Nikaenda kutafuta losheni nzito. Kijana akanishushia hii: "Mama, mzigo wa nje huu. Inalainisha, inang'arisha, na jua inazuia." Maandishi yote ya lugha nisiyoijua. Nikamuuliza tena, jua inazuia kweli? "Kabisa mama, hata usimame Nyerere Square saa saba mchana." Elfu kumi na nane ikanitoka.

Usiku nikajipaka, nikalala. Alfajiri nawasha taa nikande chapati: viganja rangi ya karoti! Kila mstari wa kiganja umekolea kahawia, utadhani mtu kaupitishia kalamu, na katikati ya vidole mabaka. Nazi imeyeyuka, imebaki harufu ya biskuti zilizoungua kidogo. Nikasugua kwa sabuni ya mche, kwa limau, mwisho kwa stilwaya ya masufuria. Nikachubuka, rangi ikabaki.

Sasa wapelekee watu chapati kwa mikono hiyo. Dereva wa bodaboda akauliza kama nimeolewa kimyakimya, maana hina imekolea. Mzee mmoja mstaarabu, mteja wangu wa siku nyingi, akanivuta pembeni: "Mama, kapime ini." Siku hiyo chapati zilibaki kumi na nne.

Aliyefumbua fumbo ni binti wa dada yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Akaipiga picha lebo, simu ikatafsiri, akaangukia kochi kwa kicheko. "Mama mdogo, hii ni ya Wazungu wanaotaka ngozi ya kahawia, waonekane wametoka ufukweni!" Huku watu wanapaka mikorogo yenye zebaki mpaka figo zinaharibika wakitafuta weupe, kumbe wenzetu wanaununua weusi kwenye chupa. Dawa yenyewe inaitwa dihidroksiasetoni. Inashikana na ngozi mfu ya juu kabisa, saa chache baadaye inageuka kahawia, na haitoki kwa maji. Unangoja ngozi ile ipukutike yenyewe, siku tano, wiki. Viganjani ngozi ni nene, ndiyo maana pakakolea. Wanaoijua huvaa glavu, au hunawa mikono mara wanapomaliza kupaka. Binti akanisomea kwamba kujipaka nje ya ngozi hata Marekani wanaruhusu, mradi isifike machoni wala midomoni, na anayepuliziwa asiivute puani. Basi nikapoa. Nikasema ni ushamba wangu, nyota tatu naipa.

Halafu akasoma mstari wa chini kabisa: haikingi jua.

Jirani yangu ana mtoto mwenye ualbino, yuko darasa la pili. Jioni ileile niliyonunua nilimmiminia mama yake nusu kikombe. Mimi, kwa mdomo wangu, nikamwambia mpake mtoto, inazuia jua.

Nilivuka uani bila viatu. Kikombe nikakikuta juu ya friji kimefunikwa na sahani. Mtoto alikuwa bado na losheni yake ya Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, na mama yake alitaka iishe kwanza ndipo aanze yangu. Ilikuwa imebaki kidogo tu, ya kukamua. Nilikaa sakafuni pale jikoni kwake, akadhani nimepatwa na presha.

Kesho yake nikarudi dukani. Sikudai hela. Nilitaka aniambie tu nani alimwambia inazuia jua. Hakuinua hata macho kwenye simu: "Bi mkubwa, si unaliona jua hilo kwenye chupa?" Na kweli, lipo, limechorwa na miale yake. Nikamwonyesha viganja. Akasema ngozi yangu ndiyo ina matatizo, tena mbele ya wateja wanne, kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nilimwambia kuna mtoto. Akasema, "Mtoto gani tena?" akapokea simu.

Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na lebo ninayo na tafsiri yake ninayo. Nitakwenda. Duka lile sina nyota ya kulipatia. Na nafuta nililosema mwanzo: chupa nayo nina ugomvi nayo, maana lile jua hakulichora kijana.

Ila kusema ukweli, mkono wa juu, pale nilipo na alama nyeupe za kuungua mafuta ya maandazi, rangi ilikaa sawasawa kabisa. Miaka yote sijawahi kuuona mkono wangu hivyo. Chupa sijaitupa. Jumamosi kuna sendofu ya binti wa kaka, gauni halina mikono, na glavu nimeshanunua.