TAHADHARI: Fundi wa kamera za WiFi anayejisajili yeye kuwa mwenye kamera zako

Jamani, kama umefungiwa kamera za WiFi nyumbani miezi hii ya karibuni na fundi uliyempata mtandaoni, hasa ninyi wa Goba, Madale, Mbezi na Kimara, naomba msome yote. Nyumba yangu imetazamwa na mtu baki kwa wiki 11.

Nilimpata Instagram. Ukurasa una picha nzuri na wafuasi wengi, duka anasema liko Kariakoo, na bei ilinivuta: kamera nne, kadi za memori na ufundi, vyote laki tatu na themanini. Alikuja na kijana wake, wote wamevaa fulana za kazi, shikamoo nyingi. Wakafunga mbili nje, moja ya balbu barazani, na ile ya kuzunguka sebuleni. Saa mbili hazikufika kazi imekwisha. Kisha akaniambia, "Mama, lete simu nikuwekee." Nikampa. Akabonyezabonyeza simu yake, akabonyeza na yangu, akanirudishia. Nikaiona sebule yangu kwenye kioo cha simu, nikafurahi, nikamlipia na nauli ya kurudi.

Wa kwanza kushtuka alikuwa dada wa kazi. Siku moja alinifuata jikoni akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kile kijicho kinanifuata." Nikamjibu kwamba kamera za siku hizi ndivyo zilivyo, zinamfuata mtu anayetembea. Na ni kweli zipo za namna hiyo. Akanyamaza. Nimeshamwomba radhi nyumbani, namwomba tena hapa, kwa sababu aliona kitu ambacho mimi sikutaka kukiona.

Usiku mmoja, inakaribia saa tano, nakunja nguo sebuleni peke yangu. Watoto wamelala, simu yangu iko chumbani kwenye chaji, baba yao yuko safarini na programu ile hana. Nikasikia krr, krr. Kamera ilikuwa inatazama mlango mkubwa. Kichwa chake kikageuka taratibu, kikapita kwenye kochi nilipokaa, kikaenda mpaka kwenye korido ya vyumbani, kikasimama. Halafu kikainama kidogo, kama mtu anayetaka kuona vizuri. Korido ile ndiyo binti zangu hupita wakitoka kuoga na khanga zao. Nilichomoa waya ukutani mikono inanitetemeka.

Asubuhi kijana wa jirani, anayesomea mambo ya kompyuta, aliishika simu yangu dakika mbili akaniuliza, "Mama, mwenye hizi kamera ni nani?" Nikasema mimi. Akasema hapana, na akanionyesha: chini ya jina la kila kamera palikuwa na maneno kwamba nimeshirikishwa na akaunti nyingine. Mimi ni mgeni kwenye kamera za nyumba yangu.

Nieleze hapa polepole, maana ndiyo siri yote. Kamera nyingi za aina hii hujifunga kwenye akaunti ya mtu wa kwanza kuisajili kwa ile michoro ya QR iliyobandikwa kwenye mwili wake. Huyo ndiye mwenye mali kwa mujibu wa programu. Wengine wote ni wageni wake: anawakaribisha, anawapimia cha kuona, na akitaka anawafukuza. Fundi alisajili zote nne kwa akaunti yake, kisha akanigawia mimi. Kwa hiyo popote alipo, awe Kariakoo au kwao kijijini, anafungua simu yake anaiona sebule yangu, anasikia tunachoongea, na anageuza kamera atakako. Hakuhitaji ujuzi wowote wa kudukua.

Nilipompigia hakukana. Alisema huo ndio utaratibu, "ili nikusaidie kwa mbali ukipata shida." Nikamwambia anihamishie umiliki. Akasema hilo linawezekana, ila kuna ada ya mtandao elfu kumi na tano kila mwezi. Nikakataa. Jioni ile kamera zote nne zikapotea kwenye simu yangu, hata majina yake sikuyaona tena. Nikaibonyeza moja kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, nikaisajili upya: ikaniambia kifaa hiki kimeshasajiliwa na mtumiaji mwingine. Kamera nimenunua, risiti sina, maana nilipoomba ya EFD aliniambia mashine ni mbovu.

Msidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Mwaka 2021 kule Texas, Marekani, fundi wa kampuni kubwa ya ulinzi wa majumbani alikiri mahakamani kwamba kwa zaidi ya miaka minne aliingia kwenye kamera za wateja kama 200, zaidi ya mara 9,600. Alikuwa akiongeza barua pepe yake kwenye akaunti za wateja, wengine akiwaambia ni ya majaribio. Alichagua nyumba zenye wanawake waliomvutia. Alihukumiwa kifungo cha miezi 52. Nilipoisoma habari ile nilikaa kitandani muda mrefu.

Na kadi zake pia ni feki. Mwezi wa pili tuliibiwa pampu ya maji nyuma ya nyumba, na kamera ipo palepale juu. Tulipotafuta picha za usiku ule hatukupata kitu, fundi akasema mtandao ulikuwa chini. Sasa nimejua. Kadi imeandikwa GB 128, lakini tulipoijaza kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data kisha huisoma tena kuona kama ipo, GB 7 na ushei ndizo zilizokuwa za kweli. Kamera ikirekodi mfululizo inaweza kula GB 10 kwa siku moja. Maana yake siku moja haikwishi kadi imejaa, na kila kilichoandikwa baada ya hapo kilikuwa kinapotea.

Ile ya balbu nayo aliisifia kuwa "haina waya kabisa." Waya haina, lakini imekaa kwenye soketi ya taa: mtu akizima taa ya baraza, au LUKU ikiisha, nayo imekufa.

Kama ndiye aliyekufungia, au ni fundi mwingine yeyote aliyesema "lete simu nikuwekee," kwanza badilisha nywila ya WiFi, na ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Kamera zitakatika mtandao papo hapo, na yeye atakatika nazo. Usimpigie kabla ya hapo. Mimi nilianza kumpigia, akapata usiku mzima wa kufuta anachotaka. Piga picha ya kioo cha simu yako panaposomeka kwamba umeshirikishwa, tunza meseji zake na za malipo. Halafu nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na picha za familia yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ipo na inapokea malalamiko.

Anayenunua sasa, fungua akaunti mwenyewe, kwa namba yako, na uelekeze mwenyewe simu yako kwenye ile michoro, fundi amesimama pembeni na skrubu zake. Ndani ya vyumba na korido msiweke kabisa.

Baada ya kupigiwa simu kutoka kituoni, fundi wangu ameziachia kamera mbili za nje. Ya balbu na ya sebuleni bado ziko kwenye akaunti yake; nimezizima, ziko kwenye boksi, nitazipeleka kama ushahidi. Ukurasa wake umeshabadilishwa jina mara moja tangu wiki iliyopita, lakini picha ni zilezile, na ile ya kamera nne mezani juu ya kitambaa cha kijani bado ipo juu kabisa. Ukiiona, na kama kamera zako zilitoka kwenye meza ile, zima WiFi usiku huu kisha niandikie. Mpelelezi ameniambia tukiwa wengi jalada litakwenda haraka.