Aljebra ya mstari: uanze na matriksi au na uthibitisho?

Ukianza na matriksi, yaani majedwali ya namba, unapewa milinganyo 3, unaiandika kama jedwali, unapunguza safu za mlalo hadi jibu litoke. Raha yake ni kwamba unaweza kulirudisha jibu kwenye milinganyo ukajua umepatia au umekosea. Ila siku ukiambiwa “thibitisha”, kalamu inagoma.

Ukianza na uthibitisho, fasili ndiyo mtaji. Chukua vekta, yaani orodha za namba, (1, 2) na (2, 4). Mkokotoaji ataona ditaminanti, yaani 1×4 − 2×2, ni 0, afunge daftari. Mthibitishaji ataandika 2(1, 2) − (2, 4) = (0, 0), na hapo utegemezi, yaani vekta moja kupatikana kutokana na nyingine, unaonekana kwa macho. Inachosha, wiki za mwanzo hasa.

Mimi ningetoa mwezi mmoja kwa matriksi, kisha fasili zote zikaririwe neno kwa neno. Ndiyo, kukariri, wengi hukwama mstari wa kwanza kwa kutozijua.