Dawa nyeusi ya kuoshea banda: nzuri, ila nunua yenye lebo

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Nzuguni, na banda naliosha kwa ile dawa nyeusi ya fenoli inayonuka lami. Ni ukoo mmoja na dawa ambayo daktari Joseph Lister alianza kutibia vidonda kule Glasgow mwaka 1865. Ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe papo hapo.

Naipenda kuliko jiki kwa sababu sakafu yangu ina nyufa, na hata ufagie vipi kinyesi hakiishi chote. Jiki ikikutana na uchafu inaisha nguvu upesi, hii inastahimili. Nafagia, naosha kwa sabuni, nasuuza, ndipo naimwaga na kuiacha kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Usiichanganye na jiki.

Wenzangu wa Dodoma, angalieni maji. Ya kisima chetu yana chumvi nyingi: dawa haichanganyiki vizuri, mafuta yanaelea juu kama supu iliyopoa, na hapo nguvu yake imepungua. Mimi natumia maji ya mvua niliyokinga.

Sasa hatari. Fenoli inaunguza ngozi huku ikiitia ganzi, kwa hiyo unaweza kuchelewa kusikia maumivu wakati ngozi imeshakuwa nyeupe, na dawa inapenya hadi kwenye damu. Vaa glavu na gambuti. Ikikurukia, vua nguo, jimwagie maji mengi, nenda hospitali. Aliyeinywa msimtapishe, mkimbizeni. Paka naye afungiwe mbali mpaka pakauke kabisa; ini lake linashindwa kuivunja, na akikanyaga atalamba miguu.

Mimi nanunua duka la pembejeo karibu na soko la Majengo, lita moja iliyofungwa kiwandani, na muuzaji anakueleza vipimo bila kuchoka. Kuna mwingine anaipima kutoka kwenye dumu na kuitia kwenye chupa za soda, bila karatasi hata moja. Jamani, nyumba yenye watoto! Inaniuma kila nikipita pale.

Chumba cha kichanga siipeleki kabisa, maana dawa za jamii hii zimewahi kuwatia watoto wachanga manjano wodini. Kwa banda naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kifuniko: mtoto yeyote anakifungua.