Kununua nyumba kando ya ziwa jijini Mwanza: wapi pa kuanzia na wapi pa kuacha

Anayefika Mwanza kutafuta nyumba huonyeshwa ziwa kabla ya kuonyeshwa karatasi. Dalali anaijua kazi yake, kwa hiyo atakupeleka saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa umeanza kutulia, jua likishuka upande wa Sengerema na maji yaking'aa nyuma ya uzio, na kabla hujauliza swali la kwanza utakuwa umekwisha kuipenda nyumba. Mwongozo huu unapanga maeneo kwa vigezo vingine: kwanza karatasi za ardhi, pili mwinuko wa kiwanja kutoka usawa wa maji, tatu maji ya bomba na barabara, na mandhari mwisho kabisa. Kwa mpangilio huo, nyumba iliyo karibu zaidi na maji ndiyo inayoshika mkia.

Kabla ya kufika kwenye maeneo yenyewe, mnunuzi aelewe anachonunua. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopata mwananchi ni haki ya kuimiliki kwa muda, ambao kwa kawaida huwa miaka 33, 66 au 99. Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, si kama hati ipo tu, bali imebakiza miaka mingapi. Raia wa kigeni hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na anayedhani ataandikisha kwa jina la shemeji kisha mambo yaende, ajue kuwa mbele ya sheria nyumba hiyo ni ya shemeji. Mwanza pia ina mamlaka mbili: Jiji la Mwanza lililo katika Wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa mwaka 2012. Michoro ya mipango miji ya eneo lako ipo katika mojawapo ya ofisi hizo, na wapo waliopoteza siku nzima wakipanga foleni katika ofisi isiyowahusu.

Nafasi ya kwanza ninaipa Luchelele pamoja na Malimbe, upande wa kusini wa mji, ambako unafika kwa kupitia Nyegezi kisha kukata kuelekea ziwani. Vipo huko viwanja vingi vilivyopimwa, na ardhi inapanda taratibu kutoka ufukweni, kiasi kwamba nyumba iliyo nyuma kidogo bado inaona ziwa bila kuliogopa. Malimbe ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kwa hiyo mwenye vyumba vya ziada nyuma ya nyumba hakosi wapangaji wakati wa masomo, ingawa likizo ndefu vyumba hubaki vitupu na hesabu zake zifanywe kwa kulijua hilo. Stendi ya mabasi ya Nyegezi iko jirani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, anayeishi upande huu anavuka kwenda Sengerema na Geita bila kusubiri kivuko, na bila shaka wauzaji nao wamelitambua hilo katika bei zao.

Hata hivyo, kusema eneo limepimwa si sawa na kusema kiwanja hiki kimepimwa. Luchelele unaweza kusimama mahali ambapo kulia kwako kuna viwanja vyenye namba na kushoto kuna shamba la urithi lililokatwa vipande kwa hatua za miguu. Mara moja nilitembezwa kwenye kiwanja ambacho dalali alikisifu kuwa kina bikoni, yaani alama za mipaka, zote nne. Tulizikuta tatu. Ya nne alituonyesha jiwe la kawaida, moja kati ya maelfu yaliyotapakaa Mwanza nzima, akaweka mguu juu yake na kusema ndiyo hiyo. Bikoni ya kweli ni nondo iliyosimikwa ndani ya zege, na ina namba inayoonekana pia kwenye ramani ya upimaji. Kumlipa mpimaji aliyesajiliwa aje kuzifufua bikoni kabla ya kununua ni gharama ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta uliojengwa mita mbili ndani ya kiwanja cha jirani.

Bwiru na Pasiansi, katika Manispaa ya Ilemela, vinafuata kwa karibu, na kwa mtu anayefanya kazi katikati ya mji huenda vikapanda hadi nafasi ya kwanza. Mji hauko mbali, uwanja wa ndege uko upande huohuo, na mitaa yake mingi ni ya siku nyingi. Kinachopunguza alama ni mawe. Majabali ya Mwanza yanapendeza kwenye picha na yanabeba msingi vizuri kuliko udongo wowote, lakini hayachimbiki kirahisi, na mnunuzi wa nyumba ya mlimani aulize kwa makini shimo la choo lina kina gani, lilipasuliwa vipi, na gari la kunyonya maji taka linafikaje pale. Nimeona nyumba nzuri ya vyumba vinne ambayo gari hilo linaishia mita mia moja chini yake, na mwenye nyumba analazimika kukodi mipira ya ziada kila mara. Aulize pia maji ya mvua yanapita wapi, kwa kuwa juu ya jabali mvua hainywewi na ardhi. Yote inateremka, na ikikosa mfereji itapita sebuleni.

Ya tatu ni Buswelu, ambayo haina ziwa hata kidogo. Ninaiweka katika mwongozo wa nyumba za kando ya ziwa kwa makusudi, kwa sababu ina viwanja vingi vilivyopimwa, ndipo zilipo ofisi za manispaa, na mwenye bajeti ya wastani atapata huko nafasi ambayo Bwiru asingeipata. Ufukweni ataenda Jumapili kama wengine.

Capri Point na Isamilo wengi wangetarajia kuziona juu kabisa. Capri Point ni rasi iliyoingia ziwani, ikitazamana na kisiwa cha Saanane kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na hakuna mtaa wenye sura nzuri zaidi Mwanza. Lakini nyumba zinazouzwa huko ni chache, bei ni ya wenye nacho, na nyingi ni za zamani, kwa hiyo swali la miaka iliyobaki kwenye hati linakuwa zito: hati ya miaka 33 iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 imekwisha au iko ukingoni, na kuihuisha ni kazi ambayo muuzaji angefurahi ukiirithi wewe. Mwenye fedha na subira anunue. Wengine waende kupiga picha.

Igombe na Kayenze, mbali zaidi ya uwanja wa ndege, zinavutia kwa ukubwa wa maeneo na bei. Sehemu kubwa ya mauziano huko ni ya ardhi isiyopimwa, na karatasi utakayopewa ni mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo unathibitisha kwamba mwenyekiti ameshuhudia watu wawili wakikubaliana. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki, na benki haitaupokea kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Ukinunua huko, nunua ukiwa umetenga fedha za upimaji na urasimishaji, na usiwe na haraka ya kuhamia. Harufu ya dagaa wanaoanikwa mialoni nayo ihesabiwe: kuna wanaoizoea kwa wiki moja, na kuna wasioizoea kamwe.

Mkiani kabisa, katika eneo lolote kati ya yote niliyoyataja, naiweka nyumba iliyo ufukweni penyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Muuzaji atakwambia kwamba majirani wote wamejenga humo na hakuna aliyebomolewa. Hoja hiyo inaonyesha tu kwamba majirani nao wako hatarini. Tatizo lililo kubwa zaidi ni kwamba ukingo wenyewe hausimami mahali pamoja. Mwaka 2006 kina cha ziwa kilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoruhusiwa kupita kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, na ardhi iliyokuwa chini ya maji ikaonekana kama imezaliwa upya. Kisha mvua za kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 zikalipandisha ziwa kwa zaidi ya mita moja katika miezi michache, na Mei 2020 likavuka hata kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee. Aliyepima mita 60 wakati wa ukame alijikuta anaishi ziwani.

Baada ya maji hayo kushuka, nilionyeshwa nyumba moja ya ufukweni iliyopakwa rangi mpya. Ukuta wa mbele ulikuwa na rangi ya maziwa, lakini kuanzia chini hadi usawa wa goti ulikuwa wa kahawia, ukiwa umezunguka nyumba nzima kwa mstari mnyoofu, na nilipouliza nikaambiwa ni pambo. Ndani, milango miwili ilikuwa imekatwa chini ili ifungike baada ya mbao kuvimba. Mpera uliokuwa kando ya uzio ulikauka ukiwa umesimama. Hakuna aliyehitaji kuniambia zaidi. Tangu siku hiyo sikagui nyumba ya ziwani bila kutazama sehemu tatu: ncha za chini za milango, soketi za umeme zilizohamishiwa juu, na miti ya zamani iliyo karibu na maji. Ziara ya pili ifanyike Mei, masika yakiwa yamemaliza kumwaga, wala si Agosti.

Kuna jambo moja la kumfariji anayehama kutoka Dar es Salaam: maji haya hayana chumvi, kwa hiyo bati na nondo za madirisha hazilikwi kama za pwani. Badala yake kuna vijidudu vya ziwani vinavyopaa kwa makundi kama moshi na kufuata taa usiku, na wavu wa madirisha uwe wa matundu madogo kuliko ule wa mbu. Watoto wasiachwe kuchezea maji ya kina kifupi penye majani, kwa kuwa konokono wa huko hueneza kichocho.

Ukishachagua, usilipe hata arubuni kabla ya kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ambao utaonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio lolote lililosajiliwa. Hakikisha mwenza wa muuzaji ametoa ridhaa kwa maandishi, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na mwenza ambaye hakushirikishwa ana nguvu ya kuyapinga mauzo. Mkataba uwe wa maandishi, uandaliwe na wakili wako mwenyewe, asiwe yuleyule anayemtumikia muuzaji. Mnunuzi atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1, na muuzaji mkazi anadaiwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, jambo ambalo wauzaji wengi hujaribu kulisukumia kwa mnunuzi dakika za mwisho. Liandikwe mapema nani analipa nini. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla, kwa hiyo omba pia namba ya mita. Pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka ya kiwanja kwa serikali, ni tofauti na halikatwi huko, na muuzaji aonyeshe stakabadhi zake zote kabla fedha hazijahama, maana deni la pango hufuata kiwanja, halimfuati aliyekiuza.