Jicho la daktari wa meno au akili mnemba, nani anaona tundu mapema?

Mi bado namwamini daktari, maana anakugongagonga jino na kile kichuma chake huku anakuuliza maji baridi yanauma? mashine haiulizi kitu. Ila tundu likianzia katikati ya meno mawili, pale unapopita uzi tu, macho hayafiki, lazma eksirei, na hapo ndo programu ya akili mnemba kama Second Opinion ya kampuni ya Pearl (Marekani waliipa kibali 2022) inazungushia kiboksi hata kakivuli ambako daktari aliyechoka saa kumi jioni angekapita. Shida meno yakipandana kwenye picha nayo inaweza kuona tundu hewa, sasa asipokuwepo wa kuhakiki si utachimbwa jino zima bure jamani!